Nani Alileta Upele Bonde la Momba

Wenzangu wa maabara, na nyinyi majirani zangu, mmeniuliza mara nyingi nilikwenda kufanya nini kule mpakani hata nikarudi nimekonda na sina la kusema. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nangoja vipimo vikamilike. Sasa vimekamilika, na jibu mnalolitaka bado sina. Lakini yaliyonipata naweza kuyaeleza, na nitaanzia Mbeya, maana kabla ya hapo nilikuwa nimelala kwenye basi.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, ilikuwa hivi. Upele unaletwa na mdudu mdogo sana, jamaa wa kupe, anayechimba njia ndani ya ngozi ya mtu na kutaga humo. Kwa jicho tupu ni shida kumwona. Wakubwa wangu walitaka tukusanye wadudu hao kutoka mjini mpakani, bondeni na milimani, tupime vinasaba vyao, tuone wa wapi ni ndugu na wa wapi. Kwa undugu huo tungechora ramani ya jinsi upele unavyotembea. Nilipoelezwa ofisini nilielewa kila kitu. Nilipofika huko sikuelewa hata nusu.

Mbeya hadi Chapwa

Kabla hatujaingia Tunduma basi lilisimama nyuma ya malori. Foleni ilikuwa ndefu hivi kwamba madereva wengine walikuwa wameshateremka, wamewasha majiko yao ya mkaa pembeni ya barabara na kubandika ugali. Nilidhani kuna ajali mbele. Jirani yangu kwenye kiti akaniambia hakuna ajali, ndivyo Tunduma ilivyo. Tukakaa. Tukanunua mahindi ya kuchoma dirishani, tukala, tukakaa tena, mpaka abiria wakaanza kushuka mmoja mmoja na kutembea na mizigo kichwani. Nami nikashuka, boksi langu la vifaa mkononi, bila kujua naelekea wapi.

Aliyenipokea ni Bwana Simbeye, mtaalamu wa mifugo wa huko, mtu mrefu, mpole, ambaye angefuatana nami safari nzima. Alinipeleka kulala Chapwa, nje kidogo ya Tunduma, kwa mama mmoja anayeitwa Mama Nambeye, mfanyabiashara anayevuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kila siku ya Mungu. Mama huyo alinikaribisha vizuri, akaniambia nioge, nipumzike, na asubuhi angenipatia kapenta. Nilishangaa. Kwetu kapenta ni fundi seremala. Nikajiuliza kama nimekaa vibaya kwenye kiti nikakivunja. Asubuhi nikaletewa ugali na sahani ya dagaa wa kukaanga kwa nyanya, na huyo ndiye kapenta kwa lugha ya sokoni kwao.

Wajukuu zake walikuwa na upele katikati ya vidole. Nilitia tone la mafuta kwenye ngozi, nikakwangua taratibu kwa kisu butu, nikatazama kwa hadubini yangu ndogo, na alipoonekana mdudu nikamtia kwenye kichupa cha spiriti. Mama Nambeye alitazama kazi yote akiwa ameshika kiuno.

Akaniambia nisisumbuke kutafuta ulikotoka, kwani kila mtu anajua upele huletwa na wateja wa ng'ambo. Mmoja wa wateja hao, mama wa Kizambia aliyekuja kuchukua mzigo wake, alikuwa amekaa hapohapo mlangoni. Hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba kwao nao wanajua upele huletwa na Watanzania. Kisha wakaendelea kuhesabu madebe ya dagaa kama kawaida, mimi nikiwa katikati yao nimeshika kichupa.

Tulipokuwa tunaondoka, Mama Nambeye alimgombeza Bwana Simbeye muda mrefu kwa Kinamwanga. Njiani nilimuuliza kama amewahi kumkosea yule mama.

"Ni dada yangu," akasema. "Tumbo moja."

Nikamwambia sikujua, maana majina yao ni mbalimbali. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgeni. Akanieleza kwamba kwao ukoo ni uleule, ila wanaume huanza na Si na wanawake na Na. Simbeye na Nambeye ni mtu na dada yake. Nilikuwa nimetoka Morogoro kutafuta undugu wa wadudu wasioonekana, na nimelala nyumba moja na ndugu wawili wanaofanana pua nisiwatambue.

Chapwa hadi bondeni

Tulipanda lori lililokuwa linashuka bonde la Momba kuchukua mpunga, kwa kuwa ulikuwa msimu wa mavuno. Wilaya ya Momba ndiyo kwanza ilikuwa imekatwa kutoka Mbozi, na kila niliyemuuliza makao yake makuu yako wapi alinielekeza upande wake. Joto liliongezeka kadiri tulivyoteremka. Springi ya lori ikavunjika mahali pasipo na nyumba. Utingo alikwenda kutafuta nyingine kwa miguu, sisi tukalala kivulini chini ya lori lenyewe, watu wazima tumejipanga kama magunia. Dereva alituchemshia wali kwa samaki mkavu wa Ziwa Rukwa. Sijawahi kula wali mtamu kama ule, na sijui kama utamu ulikuwa wa mchele au wa njaa.

Tulipofika kijijini, ambacho sitakitaja jina, Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuitisha mkutano. Bwana Simbeye alikuwa amempigia simu kumweleza tunakuja kwa kazi ya upele. Nilidhani nimeitiwa mkutano ili niombe ruhusa ya kuingia majumbani. Mwenyekiti alisimama akawaambia watu kwamba serikali imemleta mtaalamu wa vinasaba, na mtaalamu huyo atasema bila kupepesa macho nani alileta upele kijijini.

Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi, kwa kuwa sikuwa nimeelewa. Baadaye ndipo Bwana Simbeye aliponinong'oneza kwamba upande wa pili wa mto wamehamia wafugaji wa Kisukuma na ng'ombe wao, na kijiji kinataka waondoke. Waligombania majaruba ya mpunga, wakagombania malisho, na sasa kumezuka upele.

Nilipewa nafasi ya kusema. Nikasema kwa makini, kama tulivyofundishwa, kwamba mpaka majibu yatoke siwezi kumtaja mtu yeyote, na ni vizuri tusiwe na haraka. Niliketi nikiwa nimeridhika. Mwenyekiti akasimama tena.

"Mmesikia wenyewe. Mtaalamu amesema mpaka majibu yatoke, wale watu wasivuke mto."

Nilimgeukia Bwana Simbeye nikamuuliza kama nimesema hivyo. Akasema hapana, lakini ndivyo lilivyosikika. Nikanyanyuka kusahihisha, ila watu walikuwa wamekwisha kuondoka kwenda kupiga mpunga.

Boma la Masanja

Siku iliyofuata tulivuka mto, maji magotini, tukaenda kwa wafugaji. Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake tulipokelewa na mama mtu mzima aitwaye Bibi Kabula, mkubwa wa boma, ambaye alinikalisha kwenye kigoda kizuri kuliko vyote, akaniletea maziwa ya mgando na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Akaniita mayu, kama mtu angemwita mama yake. Mwanawe Masanja alisimama mbali akiegemea fimbo. Mke wa Masanja, msichana anayeitwa Nyamizi, alitoka nyumbani na mtoto mgongoni mara tu nilipoketi, akaenda porini.

Niliwakwangua watu wote waliokuwepo bomani, hata mbuzi wawili waliokuwa na upele masikioni. Bibi Kabula alinisaidia kuwashika wajukuu. Lakini kila mara aliuliza: "Na yule mdogo? Yule wa Nyamizi utampima lini?"

Nilimjibu kwamba mama yake akirudi nitampima. Nyamizi hakurudi mpaka tulipoondoka. Kesho yake ikawa vilevile. Nilimwona kwa mbali akitazama kama bado tupo, na alipotuona akageuka. Nilihisi ni ile amri ya kijiji, kwamba ananiona mimi ni askari wa Mwenyekiti. Nikamwambia Masanja mbele ya watu kwamba sikutoa amri yoyote. Masanja alitikisa kichwa, akasema hilo halikumsumbua. Basi linalowasumbua ni lipi, sikuelewa.

Siku ya tatu Nyamizi mwenyewe alinifuata, nilipokuwa naosha mikono kisimani, nikiwa peke yangu. Alisimama mbali kidogo. Kiswahili chake kilikuwa kizito lakini kilitosha.

"Ukishampima," akasema, "utasema ni wa nani?"

"Nani ni wa nani?"

"Mtoto."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Redioni walikuwa wamesikia kwamba vinasaba ni kipimo cha kumjua baba wa mtoto. Hakuna aliyewahi kusikia kazi nyingine ya vinasaba. Masanja alikuwa amewahi kutangulia na ng'ombe kutafuta malisho, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi, mtoto akazaliwa mapema kuliko Bibi Kabula alivyohesabu. Nyamizi alisema mtoto alizaliwa njiti. Bibi Kabula hakusema kitu mpaka aliposikia kijijini kuna mtaalamu wa vinasaba. Ndiyo maana ya kigoda na maziwa.

Nikamweleza Nyamizi kwamba simpimi mtoto, nampima mdudu. Damu ya mtoto siitaki. Nataka mdudu tu, nijue anafanana na mdudu wa wapi.

"Kwa hiyo atakayejulikana ukoo ni mdudu?"

"Mdudu peke yake."

"Hata ukitaka, huwezi kujua baba yake?"

"Siwezi. Na hata ningeweza, si kazi yangu kusema."

Akamteremsha mtoto mgongoni. Mtoto anaitwa Mayunga, alikuwa bado hajaanza kutambaa. Nimeshaona upele mwingi, lakini sijapata kuona kama ule. Nyayo, viganja, hata utosi ulikuwa na vidonda vilivyotunga usaha. Lililonitia hofu zaidi ni uso. Ulikuwa umevimba, macho yamebaki mstari, na miguu ukiibonyeza alama ya kidole inabaki. Nikauliza kama anakojoa. Nyamizi akasema kidogo, na rangi yake kama chai.

Mimi si daktari, jamani, ingawa huko kila mtu aliniita hivyo. Lakini nilijua kwamba vidonda vya upele vikiachwa huweza kuharibu figo za mtoto. Nikasahau kisu na vichupa. Nikamshika Nyamizi mkono tukaenda bomani.

Bibi Kabula alipoona mtoto mikononi mwangu alisimama kwa matumaini. Nilimweleza mbele ya Masanja kazi yangu ni ipi na si ipi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umetoka mbali kote huko," akasema, "kutafuta ukoo wa mdudu?"

Nikasema ndiyo.

"Ukoo huo una faida gani?"

Nikamwambia faida tutaiona baadaye, sasa mtoto apelekwe kituo cha afya. Bibi Kabula akarudisha kigoda ndani. Masanja alikuwa ameinama, anamtazama mtoto usoni, na sikuweza kujua anatazama ugonjwa au anatafuta kitu kingine. Kisha akachukua shuka, akamfunika mtoto, akasema twende.

Kivukoni

Kituo cha afya kilikuwa ng'ambo ya kijiji. Bwana Simbeye alikuwa ameazima pikipiki iliyokuwa inatungoja upande wa pili wa mto. Tulipofika kivukoni tukakuta wanaume wamekaa kwenye ukingo wa upande wa kijiji, na Mwenyekiti yupo. Mmoja akasimama akasema watu wa boma hawaruhusiwi kuvuka, mtaalamu amekataza.

Nikasema mtaalamu ni mimi, na sikukataza. Yule bwana akasema yeye alikuwepo mkutanoni, alisikia kwa masikio yake. Nikasema hata mimi nilikuwepo. Tukabishana hivyo juu ya maneno yangu mwenyewe, na kwa jinsi alivyokuwa na uhakika, nilianza kujitilia shaka. Masanja alikuwa tayari ameingia majini na mtoto kifuani. Alisimama katikati, maji yanampita miguuni, hasogei mbele wala harudi.

Nilivuka nikamwendea Mwenyekiti nikamwomba tuongee pembeni. Kabla ya kuvuka mto mara ya kwanza nilikuwa nimewakwangua wajukuu zake, na yeye alikuwa amesimama hapohapo.

"Mzee wangu," nikamwambia kwa sauti ya chini, "mdudu niliyemtoa kwa wajukuu zako ndiye huyuhuyu niliyemtoa kule. Kama kuna wa kufungiwa, mtafungiwa wote. Na mtoto yule akifa majini hapa, watu watasema nani alikataza? Mimi nitaondoka. Wewe utabaki hapa."

Alijikuna kiwiko, nadhani bila kujua. Halafu akatoka pale, akateremka mpaka kwenye maji, akamnyooshea Masanja mkono kumsaidia kupanda ukingo, kwa kuwa palikuwa na utelezi. Wale wanaume wakatupisha.

Nyamizi na mtoto walipanda pikipiki na Bwana Simbeye. Mimi na Masanja tukafuata kwa miguu. Njia nzima aliniuliza swali moja tu: kama ni kweli kwamba mtoto anaweza kufa kwa upele. Nikamwambia ni kweli, ila tumewahi. Tabibu wa kituo alimlaza mtoto, akamchoma sindano, akatoa dawa nyeupe ya kupaka kwa ajili ya boma zima, akasisitiza wapake wote siku moja, wachemshe na nguo. Nilipoondoka uvimbe ulikuwa umeanza kushuka, na Mayunga alikuwa amenitazama kwa mara ya kwanza, macho mawili mazima, akalia kwa kuniogopa.

Bondeni hadi Itumba

Itumba ni milimani, wilaya ya Ileje, na baada ya joto la bondeni nilitetemeka mpaka nikanunua sweta la mtumba. Lakini kufika kwenyewe kulikuwa kazi. Konda wa basi dogo aliuliza kuna nini ndani ya boksi langu, nami kwa uchovu nikajibu ni wadudu wa upele. Abiria wote wakasogea dirishani. Konda akaliteremsha boksi kwa ncha za vidole. Bwana Simbeye alieleza kwamba wadudu wamekufa, wamo kwenye spiriti. Mama mmoja akauliza kama wamekufa tunawapeleka wapi, kuzika? Watu wakacheka, na kwa kicheko hicho tukaruhusiwa, boksi likafungwa juu ya paa pamoja na mikungu ya ndizi. Sikuacha kutazama juu safari nzima, kana kwamba ningeliona.

Itumba nilikusanya vichupa vyangu vya mwisho kwa familia ya Kindali iliyokuwa jirani na ofisi za wilaya. Mama wa nyumba alinipa ndizi za kupika na maharage, akaniambia upele wao umeletwa na watu wa bondeni. Nikamuuliza watu gani wa bondeni, wafugaji? Akasema hapana, wafugaji hawajawahi kuwaona. Ni mume wake mwenyewe, aliyeshuka kwenda kuvuna mpunga wa watu akarudi anajikuna. Mume alikuwa amekaa pale. Akasema huko bondeni alilala chumba kimoja na vibarua waliotoka Tunduma, na wao ndio waliokuwa wanajikuna tangu siku ya kwanza.

Niliandika yote. Kufikia hapo nilikuwa nimesikia umetoka Zambia, umetoka Tanzania, umetoka kwa wafugaji, umetoka mjini. Kila aliyesema alikuwa na uhakika kuliko mimi.

Morogoro

Vipimo vimechukua miezi mingi. Jambo moja limeonekana wazi: wadudu wa mbuzi ni ukoo wao, na wa watu ni ukoo mwingine. Mifugo haihusiki. Lakini wa watu wamechanganyikana. Wa Chapwa wamo bondeni, wa bondeni wamo Itumba, na wanaofanana zaidi kuliko wote ni wale wa boma la Masanja na wale wa nyumba ya Mwenyekiti. Nani alimwambukiza mwenzake, kipimo hakisemi. Ramani tumeichora. Ina mistari inayokwenda na kurudi, na hakuna mahali unapoweza kuweka kidole ukasema hapa ndipo ulipoanzia.

Wiki iliyopita nilimpigia simu Mwenyekiti. Niliona ana haki ya kusikia kutoka kwangu mwenyewe, na safari hii nilichagua maneno mafupi, ili yasigeuke njiani. Nikamwambia mifugo haikuleta upele, na hakuna anayeweza kusema wafugaji ndio walioleta.

Akasema wale watu walishahama. Malisho yalikwisha, na maneno hayakwisha, wakaona heri waende. Wapi hasa hajui.

"Na upele?" nikamuuliza.

"Upele upo," akasema.

Nikauliza habari za mtoto. Nilisema mtoto wa Nyamizi, yule aliyevuka mto. Alimkumbuka mara moja. Siku ya kuondoka, akasema, walipita nyumbani kwake kuaga, kitu ambacho hakukitegemea. Ng'ombe walikuwa wametangulia na bibi, na mama alikuwa na mzigo kichwani.

"Mtoto alikuwa anatembea," Mwenyekiti akasema. "Ameshikwa mkono na baba yake."